Ndege Juu ya Kisanduku

"Mwalimu, hiki ni fedha kweli?"

Swali hili nimeulizwa Iringa mjini, nimeulizwa Mbeya, nimeulizwa Tukuyu kwenye baraza ya kanisa huku mvua ikinyesha. Anayeuliza huwa amekuja na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha khanga au kwenye soksi ya mtoto. Anakifungua polepole, na mara nyingi hutupa jicho mlangoni kwanza. Ndani kuna kisanduku cha ukubwa wa kiganja, kimeingia weusi kwenye kona, na juu ya kifuniko ametulia ndege.

Swali la pili hufuata papo hapo: "Nikiuza nitapata shilingi ngapi?"

Sura hii itayajibu yote mawili. Lakini nitaanza na la tatu, ambalo ni nadra kulisikia: kisanduku hiki kimefikaje huku kwetu? Nimeona mara nyingi kwamba mtu akishapata jibu la swali hilo, hata namna yake ya kukishika kisanduku hubadilika.

Nitakutembeza na kisanduku kimoja. Kililetwa kwangu na mama mmoja wa Kihesa, Iringa, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. "Kamwene, mwalimu," akasema, akakaa, akafungua khanga. Kilikuwa cha mstatili, urefu sentimita 11, upana 7, bawaba nyuma. Juu ya kifuniko tausi wawili walitazamana katikati ya majani yaliyosokotana. Hakikuwa na herufi wala mhuri popote. Alikirithi kwa bibi yake mzaa mama. Zaidi ya hapo, alisema, hajui kitu.

Nchi ya chuma na dhahabu

Nyanda za Juu Kusini zimekuwa na mafundi wa metali tangu zamani. Wakinga wa milima ya Livingstone waliyeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe na mikuki, wakawauzia majirani zao Wanyakyusa na wengine. Wafipa, upande wa magharibi, walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu aliyesimama. Waya wa shaba ulisokotwa ukawa bangili na mapambo ya kiunoni. Dhahabu nayo ipo: ilipatikana Lupa mwaka 1922, na mji wa Mbeya ulianza kukua miaka michache baadaye kwa sababu ya watu waliomiminika kuifuata.

Fedha haimo kwenye orodha hiyo. Ninaposema fedha katika sura hii nakusudia metali yenyewe, ile nyeupe. Kidogo chake kimo ndani ya dhahabu ya Lupa, maana dhahabu ya ardhini karibu kila mara imechanganyika na fedha, lakini imejificha na jicho haliioni. Kwa hiyo ukikuta kisanduku cha fedha kwenye kabati la nyumba ya Kalenga au Rungwe, ujue ama kisanduku kimetoka mbali, ama fedha aliyoitumia fundi imetoka mbali.

Na fedha iliingia huku kwa njia moja kubwa kuliko zote: mfukoni. Ilikuja ikiwa sarafu. Ndiyo maana hadi leo katika Kiswahili fedha ya kupamba na fedha ya kununulia chumvi zina jina moja.

Sarafu iliyotawala ilikuwa rupia. Rupia ya Bara Hindi, na ile ya Kijerumani iliyotolewa kuanzia 1890 kwa kipimo kile kile, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66. Katika kila sehemu 1,000 za metali yake, sehemu 917 zilikuwa fedha safi na zilizobaki shaba. Pwani na Uarabuni ilitembea pia sarafu ya Maria Theresa, mtawala wa Austria: kipande kikubwa cha gramu 28 hivi, usafi wake 833 kwa 1,000, chenye mwaka 1780 juu yake hata pale kilipotengenezwa miaka mia moja baadaye. Mteja aliyetaka bangili au kisanduku aliweza kupeleka sarafu zake kwa sonara, yaani fundi wa dhahabu na fedha. Sonara alizipima, akaziyeyusha, akalipwa kazi ya mikono yake.

Sasa turudi kwa mama wa Kihesa. Tulikiweka kisanduku chake kwenye mizani: gramu 163. Gawanya kwa 11.66. Unapata rupia 14.

Rupia 14 zilikuwa kitu gani? Mwaka 1898, mwaka ule ule aliokufa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na kwa nyumba ya kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Watu waliacha mashamba yao wakaenda kubeba mizigo na kufanya vibarua ili wapate rupia hizo tatu. Kisanduku kilicholala kwenye khanga mbele yetu kilikuwa na uzito wa kodi ya nyumba moja kwa karibu miaka mitano. Nilipomwambia hivyo, yule mama alikirudisha mezani kwa mikono miwili.

Shilingi ilikuja baadaye, mwaka 1921, chini ya Waingereza, na usafi wake ulikuwa sehemu 250 tu kwa 1,000. Tangu 1948 haina fedha kabisa. Sonara aliyetaka kazi yake ing'ae hakuishughulikia. Alitafuta rupia za zamani.

*Kwa ufupi: kwa wahunzi wa Nyanda za Juu Kusini fedha haikuwa metali ya kufua. Iliingia kama sarafu au kama kitu kilichokwisha kutengenezwa. Uzito wa kisanduku ukiugawanya kwa 11.66 unaweza kukuonyesha rupia ngapi zilikwenda kwenye chungu cha kuyeyushia.*

Ukimsoma ndege, utajua mkono

Fundi hutia ndege aliyemwona, au ndege ambaye babu yake alimfundisha kumchora. Hapo ndipo pa kuanzia. Juu ya visanduku vilivyoletwa kwangu sijapata kumkuta korongo wa Usangu wala kanga. Nimemkuta tausi, tena na tena.

Tausi tunamjua kwa sababu ya bustani za Ikulu, Dar es Salaam. Rais John Magufuli aliwahi kuwagawia baadhi ya viongozi wastaafu tausi wa pale. Lakini asili yake si huku. Misitu ya Kongo ina tausi wake, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1936, ila huyo hana ule mkia mrefu wenye macho. Tausi wa kwenye kisanduku, mwenye kishungi cha vijiti kichwani na mkia unaofagia, ni wa Bara Hindi. Huko amechorwa kwenye mahekalu, kwenye nguo za maarusi na kwenye vyombo vya fedha kwa karne nyingi. Hucheza mvua zinapokaribia, kwa hiyo kwa mkulima wa kule yeye ni habari njema. Napenda kukumbuka kwamba upepo wa kusi, ule uliosukuma majahazi kutoka pwani yetu kurudi Bara Hindi, ndio huo huo unaopeleka mvua hizo.

Ukiona tausi katikati ya majani yaliyojaa kifuniko chote bila kuacha mahali patupu, fikiria kwanza Kutch. Kutch ni eneo la magharibi kabisa mwa India, kavu, linalopakana na Pakistan na bahari. Mji wake mkuu ni Bhuj, bandari yake ya kale ni Mandvi, na majahazi ya Mandvi yalizoea Zanzibar kama sisi tunavyozoea stendi ya mabasi. Familia ya mfanyabiashara Jairam Sewji, yenye asili ya Kutch, iliendesha forodha ya Zanzibar kwa miongo kadhaa katika karne ya 19. Wengi wa Wahindi waliofungua maduka bara walitoka huko na katika sehemu jirani za Gujarat.

Mafundi wa Bhuj walisifika kwa kazi ya fedha. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Oomersi Mawji, fundi wa watawala wa Kutch katika nusu ya pili ya karne ya 19, aliyegonga herufi O.M. kwenye kazi zake. Leo vitu vyake hugombaniwa kwenye minada ya London. Ukikuta herufi hizo, usikiweke tena kisanduku hicho kwenye soksi. Lakini mafundi wengi wa Kutch na wanafunzi wao waliotawanyika hawakugonga chochote, kama huyu wa tausi wa Kihesa.

Kuna simulizi ya Kutch ambayo inatugusa sisi. Inasemekana katika karne ya 18 alikuwako baharia aitwaye Ramsingh Malam. Chombo chake kilivunjika kikiwa kwenye safari ya Afrika. Meli ya Kiholanzi ikamwokoa, ikampeleka Uholanzi, akakaa huko miaka 18 akijifunza kazi za kioo, vigae na saa. Aliporudi, Maharao Lakhpatji alimpa kazi, naye ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Aina Mahal, jumba la vioo la Bhuj, katikati ya karne hiyo. Wengine husema majani yale yanayojikunja kwenye fedha ya Kutch yana harufu ya Uholanzi kwa sababu yake. "Malam" si jina la ukoo. Ni cheo cha mwongoza chombo, kutoka neno la Kiarabu lililotupa sisi "mwalimu". Kila ninapoitwa mwalimu na mtu mwenye kisanduku mkononi humkumbuka baharia huyo.

Je, aliyekitengeneza hakuweza kuwa fundi wa Kiswahili wa Lamu au Zanzibar? Kazi za fedha za pwani na za Omani zipo, tena nzuri sana, lakini nakshi zake kwa kawaida ni maua, nyota, mistari na maandishi. Mafundi Waislamu wengi wamejizuia kuchora kiumbe chenye roho. Ndege mzima mwenye jicho na mdomo ni dalili, si hukumu, kwamba tutazame kwingine.

Kisanduku kiligongwa kwa mkono?

Fungua kifuniko utazame upande wa ndani. Ukiona mgongo wa tausi kama shimo, yaani palipotokeza nje pamebonyea ndani, huenda kilifuliwa kwa mkono, ingawa mashine nayo huweza kuacha shimo la namna hiyo. Sonara alikuwa na bamba jembamba la fedha. Alililaza juu ya lami laini, ili nyundo isilitoboe. Akasukuma umbo la ndege kutoka nyuma, akaligeuza, akachonga manyoya kutoka mbele kwa patasi ndogo zisizo na makali. Fedha ikigongwa sana hukakamaa, kwa hiyo kila baada ya muda aliipasha moto ikalainika, kisha akaendelea. Ndege mmoja wa ukubwa wa kidole gumba huhitaji mamia ya mapigo.

Halafu linganisha pande mbili. Wale tausi wa Kihesa, kwa mbali, ni mapacha. Kwa karibu, yule wa kushoto ana manyoya saba ya mkia, wa kulia ana manane, na shingo ya mmoja imenenepa kidogo. Mashine haifanyi hivyo. Vilivyogongwa kwa mashine huwa na ndege wanaofanana mpaka mkwaruzo.

Ndege wengine, njia nyingine

Tausi alikuja na duka. Ndege wengine walikuja na kanisa, na vita, na mashamba ya wazungu.

Njiwa aliyeshuka kichwa chini, mara nyingi akiwa na miale nyuma yake, ni Roho Mtakatifu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890, na makanisa mengi yenye mapokeo ya zamani hutumia vyombo vidogo vya fedha kwa mkate wa meza ya Bwana. Ndege mwenye mdomo mrefu anayejidonoa kifuani huku makinda yakimzunguka ni mwari: Wakristo wa kale waliamini huwalisha wanawe kwa damu yake, wakamfanya mfano wa Kristo. Kisanduku chenye alama hizo kikiwa mikononi mwako na hujui kilitokaje kanisani, kipeleke kwa paroko au mchungaji uulize. Kwa hilo sina mjadala.

Tai anahitaji uangalifu. Yuko tai wa Dola ya Kijerumani. Lakini yuko pia tai mweupe mwenye taji, nembo ya Poland, na huku kwetu kuna sababu ya kumkumbuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi ndani ya Umoja wa Kisovyeti, waliletwa Afrika Mashariki, na kambi zao mbili zilikuwa Ifunda, Iringa, na Kidugala, upande wa Njombe. Watu hao walikuwa wamepoteza karibu kila kitu njiani. Ukiletewa kitu kidogo chenye tai mwenye taji na mwenye nacho anakaa karibu na Ifunda, kitazame mara mbili kabla ya kusema ni cha Mjerumani.

Visanduku vya Kijerumani vyenyewe ni vingi kiasi. Walowezi wa Kijerumani walilima chai Mufindi na mazao mengine Iringa na Mbeya. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Waingereza iliwaweka kizuizini na mali zao zikashikwa kama mali za adui. Vitu vya nyumbani vilitawanyika. Vingi vya visanduku vyao vilitoka viwanda vya mji wa Hanau, ambako mafundi wa mwishoni mwa karne ya 19 walipenda kuiga mitindo ya kale, wakitia ndege wadogo, maua na watoto wenye mabawa, na hata mihuri ya kubuni inayofanana na ya zamani. Kwa hiyo kisanduku cha Hanau kinaweza kuonekana kina miaka 250 kumbe kina 120. Ni kizuri hata hivyo.

Sasa: ni fedha kweli?

Anza na macho. Kona, kingo na bawaba ndizo huchakaa kwanza. Zikionyesha rangi ya manjano au wekundu chini ya weupe, hicho ni shaba iliyopakwa fedha. Tangu 1840, kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipopata hataza ya kupaka fedha kwa umeme, dunia imejaa vitu vya namna hiyo. Herufi E.P.N.S. zina maana hiyo hiyo: fedha juu, na ndani mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mchanganyiko huo huitwa "fedha ya Kijerumani", na hauna fedha hata chembe. Jina limewadanganya wengi.

Kisha tafuta mihuri, chini ya kisanduku au ndani ya ukingo wa kifuniko:

- Simba anayetembea: fedha ya Uingereza, usafi 925 kwa 1,000. Nanga pembeni yake ni Birmingham. Kichwa cha chui ni London.
- Mwezi mwandamo na taji, pamoja na namba 800 au zaidi: Ujerumani, kuanzia 1888.
- Kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita: Ufaransa, kuanzia 1838.
- Hakuna kitu: usikate tamaa. Kazi nyingi za Bara Hindi na za pwani hazikupigwa mhuri.

Sumaku ni msaada mdogo. Ikinata, ndani kuna chuma. Isiponata hujajua lolote, kwa kuwa hainati kwenye shaba wala aluminiamu pia.

Jaribio ninaloliamini ni la maji, na unaweza kulifanya jikoni ukiwa na mizani ya dijiti. Pima kisanduku kikiwa kikavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga kisanduku kwa uzi, kifuniko kikiwa wazi, kizamishe chote bila kugusa chini wala kando, tikisa kidogo viputo vya hewa vitoke, usome namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa 10.5 hivi, na fedha ya rupia hupungua kidogo tu. Fedha ya Kijerumani hutoa 8.7 hivi, shaba ya njano karibu na hapo, aluminiamu 2.7. Cha Kihesa kilikuwa gramu 163, na maji yakasoma 15.8. Jawabu ni 10.3. Yule mama alifanya hesabu kwenye simu yake mwenyewe, akairudia.

Usifanye hivyo kama ndani kuna kitambaa, mbao au mashine. Kwa hicho nenda kwa sonara, naye atakisugua kidogo mahali pasipoonekana kwenye jiwe jeusi, adondoshe tindikali juu ya alama, aisome rangi.

Majivu, mchanga na dawa ya meno

Nimeona ndege waliokufa mara ya pili. Mtu anarithi kisanduku cheusi, anaona aibu, anachukua majivu ya jikoni au dawa ya meno na brashi, anasugua Jumamosi nzima. Jioni kinameremeta. Na tausi hana manyoya tena.

Weusi ule si uchafu. Ni utando unaotokea fedha ikikutana na salfa iliyo hewani: kwenye moshi, mayai, vitunguu, mpira. Huku kwetu kwenye baridi watu huvifunga visanduku ndani ya blanketi la sufu wakidhani wanavitunza, na sufu ina salfa ndani yake. Rababendi ni mbaya zaidi. Utando huo ukibaki kwenye mifereji ya nakshi ndio unaomfanya ndege aonekane, kama wanja unavyolionyesha jicho. Majivu na mchanga haviondoi utando peke yake. Vinaondoa fedha yenyewe, na kila mara ncha za manyoya zinazotangulia juu ndizo zinazoliwa kwanza.

Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba kilichochakaa kwa kufuliwa. Kausha vizuri, hasa kwenye bawaba. Yatosha. Ule ujanja wa magadi ya kuokea na karatasi ya aluminiamu ndani ya maji ya moto unafanya kazi kweli, tena kwa dakika chache, lakini huondoa weusi hata mahali ambapo fundi aliutaka. Kwa kijiko ni sawa. Kwa ndege, hapana.

Shilingi ngapi?

Kuna bei mbili, na anayetaka kununua mara nyingi hutaja moja.

Bei ya kwanza ni ya metali. Zidisha uzito kwa usafi: gramu 163 mara 0.917 ni gramu 149 na nusu za fedha safi. Uliza bei ya gramu siku hiyo, utajua kiasi ambacho hupaswi kushuka chini yake sana. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mitaani na mizani yake ya kuning'iniza hana bei nyingine. Kwake tausi ni gramu.

Bei ya pili ni ya kazi na historia, na inategemea mambo ambayo mizani haiyaoni: mkono wa fundi, umri, hali ya bawaba, na kama mwenye mali anaweza kueleza kilikopitia. Kisanduku chenye maelezo na kisicho na maelezo, vikiwa sawa kwa kila kitu, havilingani bei popote duniani. Kabla ya kuuza, piga picha, andika, onyesha watu watatu wasiojuana. Iringa kuna makumbusho ndani ya Boma la zamani la Wajerumani. Wahusika wake si wanunuzi, lakini wamezoea kuvitazama vitu vya namna hii. Kumbuka pia sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kutoa kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni anayekuambia atakibeba tu kwenye begi anakuingiza kwenye makosa yake.

Nami nina upande wangu katika jambo hili, sitaficha. Kisanduku kilichoyeyushwa hakirudi. Huku kwetu karatasi zimeliwa na mchwa, nyumba za udongo zimerudi udongoni, wazee wameondoka na habari zao. Kitu kidogo cha metali kinachoweza kusema nani alikaa na nani, nani alimpa nani nini, hakipaswi kuishia kuwa pete tatu za vidoleni kwa watu wasiojua zilikuwa ndege.

Kilichobaki kwenye kona

Baada ya mizani na maji, nilimwomba yule mama tusogee dirishani. Tukakiinamisha kisanduku kwenye mwanga. Kwenye kona mbili za ndani palikuwa na ukoko mweupe, mgumu, na karibu yake doa la hudhurungi iliyoiva.

Ukoko mweupe, nilimwambia, unafanana na chokaa, na doa lile linafanana na katu. Vyote viwili huliwa pamoja na tambuu, jani la mtambuu linalofungwa pamoja na popoo. Pwani kuna kisanduku kidogo cha kazi hiyo, huitwa kijaluba, na Wahindi wana vyao vikubwa zaidi. Mtambuu hupenda joto la pwani, si baridi ya Iringa. Mtu aliyekula tambuu huku alikuwa akiletewa majani kutoka mbali, na hakuacha.

Mama akanyamaza. Kisha akapitisha ukucha kwenye bawaba, ukatoka na vumbi laini la rangi ya kahawia. Akalinusa, akapiga chafya.

"Ugoro," akasema. "Bibi alikuwa anaweka ugoro humu. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Na baada ya ugoro yakafuata mengine, yeye ambaye alisema hajui kitu. Babu yake alifanya kazi kwenye duka la Wahindi Miomboni, kupima sukari na kufungua milango asubuhi. Bibi alikuwa akiwapelekea maziwa nyuma ya nyumba. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, jengo lile likachukuliwa, na familia ikafunga mizigo kwenda ng'ambo. Siku ya mwisho mama mwenye duka alimwita bibi mlango wa nyuma, akamwaga majani yaliyokuwamo kwenye kisanduku, akakifuta kwa upande wa sari yake, akampa. Bibi hakuwahi kuonja tambuu maishani mwake. Akatia ugoro, akakaa nacho mpaka alipokufa.

Aliniomba kalamu. Akauliza kama karatasi itaiharibu fedha. Nikamwambia asitumie gazeti, nikamkatia ukurasa mweupe wa daftari. Akaandika jina la bibi yake kwanza. Chini yake akaandika la yule mama wa Kihindi, kama bibi alivyokuwa akilitamka, akalifuta, akaliandika tena.